Madamu na Chemchemi ya Kisugu

Watu wa Kisugu walimwita Madamu, wanafunzi wake walimwita Madamu, na hata marehemu mumewe, nilivyosimuliwa, alimwita Madamu alipotaka kuongezewa mchuzi. Jina alilobatizwa nalo lilikuwa limeandikwa kwenye mlango wa ofisi yake chuoni, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitamka. Nami sitaanza leo.

Alikuwa mwalimu wa kemia. Mimi nilikuwa nimetoka Bungoma, ng'ambo ya mpaka, kuja kufundisha Kiswahili katika chuo kidogo cha ualimu upande wa Kyambogo, Kampala. Vita vilikuwa vimekwisha kitambo na serikali mpya ilishazoea kiti, ila kuta za madarasa yetu bado zilikuwa na matundu, na hakuna aliyeuliza yalitokana na nini. Madamu alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yake huko Kisugu. Nilichukua kimoja kwa muhula mmoja. Nikakaa humo mpaka nywele zikaanza kunibadilika.

Siku ya kwanza aliniuliza, kwa Kiingereza, nafundisha somo gani. Nilipomjibu alikunja uso kama mtu aliyeuma ndimu.

"Kiswahili si somo," akasema. "Kiswahili ni amri."

Nilidhani ni dharau ya kawaida. Wengi Kampala waliisikia lugha hii kwanza vinywani mwa watu wenye bunduki, na hawajaisamehe. Lakini yeye alikuwa na sababu yake, na aliniambia baada ya miaka, akimenya matoke, bila kuinua macho. Wakati wa vita, yeye na mumewe walisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Wakaambiwa kwa Kiswahili walale chini. Yeye alilala kwa kuwaiga wengine. Mumewe, mtu wa adabu, alibaki amesimama akieleza kwa Kiganda, kisha kwa Kiingereza, kwamba haelewi wanachotaka. Wakamchukua.

"Angejua neno moja tu," alisema, akalitupa ganda kwenye beseni. Kisha akaniuliza kama nina kitunguu.

Ndivyo alivyokuwa. Jambo zito alilitoa kama mtu anayetema kokwa, akaendelea kula.

Alikuwa mfupi, mpana wa kiuno, na miwani yake ilishikiliwa kwa uzi upande mmoja. Alipenda sukari kupita kiasi na alidanganya juu yake; ukimkuta anatia kijiko cha nne kwenye chai angekuambia ni cha kwanza. Maabarani alipima chumvi hadi chembe, lakini mboga zake zilikuwa na chumvi ya kumtoa mtu machozi. Hakuamini jambo lolote lisilo na ushahidi, ila jua likishazama hakuruhusu nyumba yake ifagiliwe, kwa sababu mama yake alimkataza, na mama yake hakuwepo tena wa kuulizwa sababu. Wanafunzi aliwafelisha bila huruma. Yule yule aliyefelishwa asubuhi ungemwona mchana jikoni kwa Madamu, amepewa sahani ya viazi na mchuzi, anafundishwa upya pale alipokosea.

Kilichomfanya ang'ae uso kuliko vyote ni matope. Nasema matope, yale meusi ya kinamasi, yanayonuka mayai viza. Aliwapeleka wanafunzi chini bondeni, akachokoa matope kwa fimbo, mapovu yakapanda, akayakinga kwa chupa iliyopinduliwa, kisha akawasha kiberiti. Mwali wa buluu ulitokea mdomoni mwa chupa, hata mchana ukaonekana. Wasichana walipiga kelele. Madamu alisimama pale kama bibi harusi.

"Humu ndani kuna wakazi," aliwaambia. "Hewa yetu kwao ni sumu. Wanaishi gizani, wanakula uchafu, wanatoa gesi hii. Walikuwepo kabla yetu na watakuwepo sisi tukishaondoka."

Aliwaita hivyo siku zote, wakazi. Nami nikazoea.

Sasa nieleze habari ya dobi. Juu ya mteremko wetu palikuwa na dobi wa suti, mzee mchangamfu aliyeimba sauti ya nne katika kwaya moja na Madamu. Nguo zake hakuzifua kwa maji. Alizifua kwa dawa iliyokuja kwa mapipa, yenye harufu tamu iliyokulevya kidogo ukisimama mlangoni. Baada ya miaka ya vita watu walikuwa wamerudi kuoana kwa fahari, na hakuna bwana harusi wa mtaa wetu aliyeingia kanisani bila suti yake kupitia mikononi mwa mzee yule. Maskini aliwaazima suti ambazo wenyewe walisahau kuzichukua. Alipendwa, na alistahili kupendwa.

Alasiri moja Madamu alipeleka gomesi yake, lile vazi refu la Kiganda la sherehe. Dobi hakuwepo mbele, akazunguka nyuma ya duka, akamkuta anamimina machicha ya dawa kwenye shimo. Lilikuwa shimo la siku nyingi, na ardhi yake ilikuwa imeota weusi unaong'aa.

"Inakauka juani, Madamu," dobi alimwambia.

"Ya juu inakauka," Madamu akajibu. "Ya chini inashuka. Ni nzito kuliko maji hii. Itashuka mpaka ikute maji, ipite chini yake."

Chini ya mteremko, kwenye mstari ule ule wa shimo, palikuwa na chemchemi. Mtaa mzima ulichota hapo, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa na wenyewe.

Dobi hakubisha. Aliacha siku ile ile, na mimi naamini aliacha kweli, maana alikuwa mtu mwema na aliogopa. Lakini shimo lilikuwa limeshakunywa miaka mingi. Haukupita muda mrefu akaanguka dukani, upande mmoja ukapooza, akafa. Madamu aliimba mazishini akilia. Duka likageuzwa saluni. Hapakuwa tena na mtu wa kumlaumu wala wa kumwamuru asafishe. Pale nyuma palibaki shimo tu, na chini chemchemi ikiendelea kutoa maji maangavu, baridi, yasiyo na ladha yoyote mbaya. Madamu alienda kuwaambia wakubwa wa mji. Walikuja, wakatazama, wakasimika ubao wa bati ulioandikwa kwa Kiingereza. Juma lililofuata bati lile lilikuwa limeshaziba paa la mtu.

Jumamosi moja asubuhi alibisha mlango wangu. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

"Nifundishe ile lugha yako," akasema kwa Kiingereza.

"Ipi?"

"Usinitese. Unajua ipi."

Wakati ule mtaa ulikuwa umejaa Wakongo waliokimbia vita vya kwao. Wanawake wao ndio waliochota chemchemini kuliko wote, na hawakujua Kiganda wala Kiingereza, ila Kiswahili cha kwao. Madamu alikuwa amewaonya kwa lugha zote mbili na wao wakamwitikia kwa tabasamu. Nikaweka kiti barazani, nikataka tuanze na salamu. Akakataa.

"Hakuna anayekufa kwa kukosa salamu. Nipe neno la kumwambia mtu asinywe."

Nikampa. Akalirudia siku ile mpaka ulimi ukalainika. Lugha aliyoichukia kwa miaka yote alijifunza kwa pupa, kwa matamshi yake ya Kiganda, akichanganya l na r bila kujali nilivyomrekebisha, na kila alichotaka kujua kilikuwa ni amri. Msinywe. Mwageni. Ondokeni.

Nilikwenda naye siku aliyojiona yuko tayari. Wanawake walikuwa wamepanga madumu yao, wanapiga gumzo. Madamu akasimama juu ya jiwe akapaza sauti:

"Msinywe! Hii maji iko na sumu! Mwage! Mwage sasa!"

Gumzo likakatika. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akaweka dumu chini polepole, akainua mikono yote miwili juu. Sitaisahau ile mikono. Madamu naye aliiona, na maneno yote niliyomfundisha yakamtoka kichwani. Akashuka kwenye jiwe, akaenda akaishika mikono ile, akaiteremsha mwenyewe.

"Pole," akasema, akimwita mama kwa Kiganda. "Pole, nnyabo. Mimi siko askali."

Aliyejibu alikuwa mwanamke mrefu wa Bukavu ambaye wote walimwita Mama Furaha, kwa jina la bintiye mkubwa. Alikuwa ndiye msemaji wao.

"Madamu, tunakusikia. Unasema tusikunywe iyi mayi. Tutakunywa gani? Weye uko na bomba ya kutupa?"

"Siko na bomba."

"Sasa?"

Madamu akanitazama, kana kwamba neno la kujibia lilikuwa kwangu. Kisha akawafundisha alichoweza: sumu ile hupenda kuruka hewani, kwa hiyo mtu akichemsha maji nje, sufuria bila mfuniko, au akiyamimina kutoka chombo hadi chombo mara nyingi mahali penye upepo, nyingi itaondoka.

"Makaa tunapikia maharagwe," Mama Furaha akasema, si kwa ukali. "Na ukiacha sufuria wazi, vumbi inaingia. Lakini tutamimina. Kwa heshima yako tutamimina."

Wakamimina siku chache. Watoto wakageuza ikawa mchezo, wakimwagiana. Halafu wakaacha.

Hapo ndipo Madamu alipowageukia wakazi wake wa matope. Alijua, kwa kusoma magazeti ya kisayansi yaliyofika chuoni yamechelewa na yamechanika, kwamba baadhi yao wanaweza kuivunja sumu ile. Alinieleza kwa mfano wa dobi. Sumu ile, alisema, ni mtu aliyevaa makoti manne ya klorini. Wakazi wa matope humvua koti moja moja, na akishavuliwa yote hana tena madhara. Lakini wanamvua polepole mno, kwa sababu wana njaa. Si njaa ya chakula, chakula kipo. Wana njaa ya madini ya nikeli na kobalti, kiasi kidogo sana, kisichoonekana kwa macho. Bila hayo, mikono yao haina vidole.

"Nikiwapa nyingi nitawaua," alisema. "Yenyewe ni sumu. Kidogo ni chakula, nyingi ni kaburi."

Nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha mabati, alipanga chupa za jamu zilizojaa matope ya bondeni na maji ya shimo la dobi, ameziziba kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Metali zenyewe zilitoka kwenye chupa mbili ndogo za stoo ya kemia, moja ya nikeli ya kijani na moja ya kobalti ya waridi, zilizonusurika vita kwa sababu waporaji waliziona hazinyweki. Chupa nyingine hakuzitia kitu, nyingine alizitia tone, nyingine matone. Zilizotiwa zilianza kutokota mapovu hadi mipira ikavimba. Alinivuta kwa mkono nikaone. Alizungumza nazo. Nilimsikia akiimba alto peke yake kule kibandani, bila sauti nyingine za kuikamilisha, na wimbo ule ukawa wa ajabu masikioni, kama mtu anayejibu swali ambalo hukulisikia.

Tatizo lilikuwa kupima. Mapovu yalimwambia kwamba wakazi wanaishi. Hayakumwambia wanakula nini. Chombo cha kupimia kilichokuwa chuoni kilibaki kasha tupu tangu wakati wa uporaji. Basi akamtafuta mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa amekwenda kusoma ng'ambo na kubaki huko, na rafiki aliyekuwa akisafiri akabeba vichupa kwenye sanduku lake, vimefungwa ndani ya soksi.

Jibu lilikuja kwa simu, katika ofisi ya mkuu wa chuo, sote tumesimama. Dawa ya dobi ilikuwa imepungua sana kwenye chupa zilizotiwa metali, na kwenye zile nyingine karibu haikupungua kabisa. Madamu aliweka simu chini, akamkumbatia mkuu wa chuo, mtu ambaye hakuwa akisalimiana naye.

Hakungoja zaidi. Watu walikuwa wanakunywa kila siku, angengojaje? Alivundika matope yake kwenye mapipa, akachanganya na kinyesi kutoka matumbo ya ng'ombe wa machinjioni, akatia metali zote alizokuwa nazo isipokuwa akiba kidogo ya kobalti ambayo wanafunzi wangehitaji kwenye mtihani wa vitendo. Hakuwa mtu wa kuwaibia wanafunzi. Akamwaga yote shimoni nyuma ya saluni, na kwenye mashimo mengine aliyochimbisha chini ya mteremko. Wasusi walifunga madirisha kwa ajili ya harufu. Alirudi nyumbani amepakaa hadi kwenye nyusi, akacheka, akatia sukari kwenye chai bila kuificha.

Kisha akatuma vichupa vingine, hivi vikiwa na maji ya chemchemi yenyewe.

Simu ya pili aliipokea peke yake. Nilimkuta amekaa darasani baada ya vipindi, kwenye dawati la mwanafunzi.

"Wamemvua makoti matatu," alisema.

Nikasema hilo ni jambo zuri, limebaki moja.

"Mwenye koti moja ndiye mbaya kuliko wote," akasema. "Yule wa makoti manne anaumiza taratibu. Huyu anaingia kwenye ini, anakaa. Na yuko kwenye maji sasa. Hakuwepo kabla. Nimemleta mimi."

Yule mwanafunzi wa zamani alikuwa amemweleza mambo mawili yanayowezekana. Labda metali ziliisha wakazi wakiwa njiani, wakaishiwa nguvu. Au labda katika matope yetu hakuna kabisa mkazi anayeweza kulivua lile koti la mwisho. Ili kujua ni lipi, ilihitajika chombo, miezi, na visima vya kupimia. Madamu alikwenda stoo, akaitazama ile akiba ya kobalti, kijiko kimoja hivi cha waridi, akairudisha mahali pake. Ingetosha? Sijui. Yeye pia hakujua, na naamini hicho ndicho kilichomla.

Mtu mwingine angenyamaza. Hakuna aliyekuwa na habari. Yeye alivaa tena viatu vya kanisani, akaniomba neno la Kiswahili la kusema kwamba dawa imegeuka, akateremka chemchemini. Aliwaambia yote: kwamba alitia dawa ardhini ili kusafisha maji, kwamba dawa imefanya kazi nusu, kwamba nusu hiyo ni mbaya kuliko mwanzo, na kwamba ni yeye aliyeifanya.

Wanawake walitua madumu yao. Halafu Mama Furaha akauliza, sauti yake imebadilika:

"Ulitia kitu mu mayi yetu? Bila kutuuliza?"

"Nilitaka kusaidia."

"Bote banatakaka kusaidia," Mama Furaha akasema. Wote hutaka kusaidia. Akajitwisha dumu lake, limejaa maji yale yale, akapanda mlima.

Kuanzia hapo Kisugu ilimfunga milango. Hawakumpiga. Walifanya jambo lililomwumiza zaidi: wote, Waganda kwa Wakongo, waliacha kumwamkia. Watoto walikatazwa kupita kwenye ua wetu. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na wazee wawili kumwomba aondoe chupa zake, naye akazimwaga mwenyewe, moja moja, kwenye choo. Maji waliendelea kuchota. Hilo ndilo lililonishangaza, na baadaye likaacha kunishangaza. Mtu unaweza kumwepuka, lakini kiu huiepuki.

Baada ya miaka kadhaa Furaha, yule binti, aliugua. Alikuwa msichana mrefu kama mama yake, anakaribia kumaliza shule. Macho yalianza kuwa manjano, tumbo likavimba upande wa kulia. Hospitalini walisema ni ini. Walisema ini huharibiwa na mambo mengi, wala hawakusema zaidi. Alizikwa mbali na kwao. Madamu alifika mazishini akasimama nyuma kabisa, kando ya barabara, na hakuna aliyempa kiti.

Mwaka ule ule alistaafu, akauza nyumba, akaenda kuishi kwa mdogo wake wa kike chini ya mlima wa Kibuli. Mimi nilirudi Bungoma.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimekuja Kampala kwa arusi, nikapanda boda hadi Kibuli kumsalimu. Nilimkuta barazani, amekonda, mikono yake imeegemea fimbo. Nilitegemea tuzungumze Kiingereza kama zamani. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Kalibu, Mwalimu. Umekuja siku mzuri. Nataka kwenda mahali, na nataka mtu wa kushika mimi mkono."

Mama Furaha alikuwa amehamia upande wa pili wa mlima ule ule, nyuma ya msikiti. Miaka yote walikuwa wakionana sokoni na kupishana. Tulitembea polepole, tukipumzika. Hakuniambia anakwenda kusema nini.

Mama Furaha alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya chumba chake, anachambua karanga. Aliziuza zimekaangwa, kwenye vifurushi vya karatasi. Alituona, hakuinuka, lakini alisogeza mguu ili tupate mahali pa kukaa. Madamu hakukaa.

"Mama Fulaha," akasema, "nimekuja kuomba msamaha. Ya maji. Ya mtoto."

Mikono ya Mama Furaha ilisimama juu ya ungo.

"Madamu, weye ulisoma. Niambie. Ni ile mayi ndiyo iliua mutoto yangu?"

Madamu aliegemea fimbo kwa mikono miwili. "Sijui," akasema.

"Ao ni ugonjwa tu, ya Mungu?"

"Sijui."

"Sasa unakuya kuniomba musamaha ya kitu yenye haujue?"

"Ndiyo."

Mama Furaha alimtazama. Sikuona chuki usoni mwake. Niliona uchovu, na kitu kama tamaa, kana kwamba alikuwa amengoja miaka yote aambiwe ndiyo au hapana, lolote kati ya hayo mawili, na sasa amenyimwa yote.

"Basi urudiye siku utajua," akasema, akarudia karanga zake.

Madamu akaitikia kwa kichwa. Aligeuka kuondoka, kisha akasita. Alikuwa anatazama mkebe uliokuwa pembeni ya ungo. Karanga nzuri zilibaki kwenye ungo. Zile zilizonyauka, zenye ukungu wa kijani, Mama Furaha alikuwa akizitupia mkebeni.

"Hizi unafanya nini?"

"Izi haziuzike. Ni ya kutwanga, mboga ya nyumba. Tangu zamani tunakulaka izi, miye na batoto."

Niliuona mkono wa Madamu ukikaza fimbo.

"Msikule," akasema taratibu. "Nakuomba. Hii iko mbaya kwa watoto."

Mama Furaha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kwanza mayi. Sasa karanga. Madamu, kwako kila kitu ya masikini iko na sumu."

Akatwaa punje nyingine, akaitazama, akaitupa mkebeni.

Tuliteremka mlima. Karibu na msikiti nilimketisha kwenye ukuta mfupi apate pumzi, nikamwuliza karanga zile zina nini.

"Ire ukungu inakula ini," alisema. "Inakula kushinda ire maji. Mala mingi kushinda."

Niliketi kando yake.

"Kwa hiyo huenda Furaha hakufa kwa maji kabisa."

"Inawezekana. Sijui."

"Na wewe umesimama pale ukaomba msamaha, ukafukuzwa. Mbona hukumwambia?"

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya gomesi. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, mekundu pembeni.

"Nimwambie nini, Mwalimu? Ati ni chakula yake mwenyewe? Ati ni mikono yake?" Akavaa miwani. "Wacha achukie mimi. Mimi niko mbari naye, na niko kalibu kufa. Mikono yake, ataenda nayo wapi?"

Nikasimamisha boda. Dereva alitaka kujua twende upande gani, na Madamu akamwelekeza kwa Kiganda nyumba ya mdogo wake, akamwambia aendeshe polepole.